Kiwanja cha ugenini na hati yenye jina la rafiki: jibu kwa msomaji

Msomaji ameniandikia hivi:

"Nimepata kiwanja katika nchi ambayo mimi si raia wake. Nimeishi huko miaka kadhaa, napapenda, na nataka kujenga nyumba ya kuishi. Mwenyeji mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, anasema sheria ya kwao haimruhusu mgeni kumiliki ardhi, kwa hiyo tuandikishe hati kwa jina lake, halafu tuandikiane mkataba wa pembeni kwamba mali ni yangu. Muuzaji anataka alipwe mwezi huu, la sivyo anampa mtu mwingine. Fedha ya kununua na kuinua msingi ninayo. Ya kumalizia nitakuwa naipata kidogokidogo, na ujenzi nitausimamia kwa simu. Nianzie wapi?"

Ndugu yangu, nimefurahi umeuliza kabla hujalipa. Barua nyingi zinazonifikia kuhusu jambo hili huandikwa na watu ambao fedha imeshawatoka, na hapo kazi yangu huwa ni kuwasaidia waokoe walau sehemu. Wewe bado una kila kitu mkononi, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu. Kwa ufupi: mwezi huu usilipe kitu, na usikubali hati iandikwe jina la mtu mwingine, awe rafiki wa namna gani. Kwanza ujue sheria ya nchi hiyo inakuruhusu kushika haki gani juu ya ardhi. Ukishaijua, tafuta kiwanja kinachoendana na haki hiyo, na nyumba uichore baada ya hapo. Wengi huanza na ramani ya nyumba, wakaja kuisoma sheria msingi ukiwa umeshamwagwa.

Nianze na pendekezo la rafiki yako, maana hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote.

Sina sababu ya kumshuku. Huenda ni mtu mwema kabisa na anataka uwe jirani yake. Lakini tazama kitakachofuata. Daftari la ardhi litasoma jina lake. Akidaiwa na benki, kiwanja hicho kitahesabiwa kuwa mali yake. Akiachana na mwenzi wake, mahakama itakiingiza kwenye mali ya ndoa. Akifariki, warithi wake, ambao pengine hujawahi kuonana nao, watakuja na daftari likiwa upande wao. Wewe utabaki na ule mkataba wa pembeni, na mkataba huo una kasoro isiyotibika: uliandikwa makusudi ili kuikwepa sheria. Ukiupeleka mahakamani, unakuwa umepeleka ushahidi dhidi yako mwenyewe.

Kuna kesi moja ya Ufilipino ambayo huwa nawasimulia watu wote wanaoniletea swali kama lako. Katiba ya nchi hiyo inazuia mgeni kumiliki ardhi. Mume Mjerumani, ambaye mkewe alikuwa Mfilipino, aliuza nyumba aliyorithi kwa wazazi wake Ujerumani, akanunua ardhi Antipolo na kujenga nyumba. Hati ikaandikwa jina la mke. Ndoa ilipovunjika, hakudai ardhi yenyewe. Alidai arudishiwe fedha tu. Mahakama ya Rufani ilimwonea huruma ikamkubalia. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ikabatilisha: ulijua Katiba inakukataza, ukatafuta njia ya kuizunguka, sasa huwezi kuja mbele yetu kudai haki kwa msingi wa kosa lako. Fedha ya ardhi na ya nyumba, vyote vikaenda. Huyo alikuwa mume halali, na hakuna aliyebisha kwamba fedha ilitoka kwake.

Rafiki yako naye anajiweka pabaya kwa ajili yako, na sidhani kama analijua hilo. Ufilipino ina sheria ya tangu 1936 inayomwadhibu raia anayekubali kutumiwa kama kivuli cha mgeni. Thailand, mwenyeji anayeshika ardhi kwa niaba ya mgeni anaweza kufungwa hadi miaka miwili, na ardhi yenyewe ikaamriwa iuzwe. Mweleze hivyo kwa upole. Kumkatalia hapa ni kumlinda.

Sasa, je, ni kweli mgeni haruhusiwi? Mara nyingi mwenyeji huwa na nusu ya habari. Anajua kuna katazo, ila hajui kuna mlango gani umeachwa wazi kando yake. Hukutaja nchi, kwa hiyo nitakupa mifano uone jinsi sheria zinavyotofautiana.

Kenya, Ibara ya 65 ya Katiba ya 2010 inampa asiye raia umiliki wa kukodi usiozidi miaka 99, na ikaongeza kwamba mkataba wowote unaojifanya kumpa zaidi ya hapo utasomwa kama miaka 99, basi. Uganda pia kikomo ni miaka 99. Ghana ni miaka 50. Tanzania, Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji kwa utaratibu wa sheria ya uwekezaji, kwa hiyo anayetaka nyumba ya kuishi tu anakutana na ukuta mapema. Mexico inamzuia mgeni kumiliki moja kwa moja ardhi iliyo ndani ya kilomita 50 kutoka pwani na kilomita 100 kutoka mpakani, lakini inaruhusu benki kuishika kwa dhamana kwa faida yake kwa miaka 50 inayoweza kuongezwa. Hapo mwenye jina kwenye hati ni mtu mwingine, kama anavyopendekeza rafiki yako, lakini ni benki yenye leseni, kwa mkataba ambao sheria yenyewe imeuweka. Ufaransa na Uhispania milango iko wazi zaidi. Uturuki inaruhusu raia wa nchi nyingi, kwa kikomo cha hekta 30 kwa mtu. Australia, mgeni anayeruhusiwa kununua kiwanja kitupu hupewa sharti la kukamilisha nyumba ndani ya miaka minne. Wewe unayepanga kumalizia kidogokidogo, sharti la namna hiyo lingekubana sana. Kanada imewafungia wageni wengi kununua nyumba tangu Januari 1, 2023, na katazo hilo limeongezwa hadi mwanzoni mwa 2027. Uone basi kwamba hata sheria ya mwaka juzi huenda si ya mwaka huu.

Kwa hiyo hatua yako ya kwanza ni kumtafuta wakili wa nchi hiyo anayefanya kazi za ardhi, umtafute wewe mwenyewe kupitia chama cha mawakili cha huko, asiwe wakili wa muuzaji wala wa dalali wala wa rafiki yako. Mwulize kwa maandishi: mtu wa uraia wangu na kibali changu cha ukaazi anaweza kushika haki gani juu ya ardhi ya eneo hili, kwa miaka mingapi, na haki hiyo inasajiliwa wapi? Aandike na vifungu vya sheria. Wakili akikwambia "hilo tutalipanga" bila kukuonyesha kifungu, tafuta mwingine.

Ikiwa utakachopewa ni haki ya kukodi, usikate tamaa, lakini fanya hesabu ya miaka. Watu husikia "miaka 99" wakaona ni umilele. Uliza imebaki mingapi. Kama muda ulianza kuhesabiwa zamani, unanunua kilichobaki tu. Uliza nani anaongeza muda na kwa masharti gani. Kuna nchi, Thailand ikiwamo, ambako kukodi ardhi ya makazi hakuzidi miaka 30 kwa kawaida, na ile ahadi ya "tutakuongezea mingine 30" ni neno kati yako na mwenye ardhi aliyetia saini. Akiuza au akifa, mrithi wake anaweza kusema haimhusu. Mtu wa miaka 60 anaweza kuridhika na miaka 30 iliyosajiliwa. Mwenye miaka 35 na watoto wadogo afikirie mara mbili.

Uliza pia hili, na wengi husahau: muda ukiisha, nyumba ni ya nani? Katika sheria za nchi nyingi, kilichojengwa hufuata ardhi. Nyumba ni yako kwa fedha na jasho, lakini kisheria inakuwa sehemu ya udongo uliokaa chini yake. Baadhi ya nchi zinaruhusu kutenganisha, yaani mtu asajili haki ya kumiliki jengo juu ya ardhi ya mwenzake. Thailand inayo haki hiyo, na iko pia katika sheria za nchi kadhaa za Ulaya. Kama rafiki yako ana ardhi iliyo yake kweli, aliyoipata kwa fedha yake, basi njia ya halali ya kukusaidia huenda ni hiyo: akukodishie, akupe haki ya jengo, na vyote viwili viandikwe kwenye daftari. Mpelekee wakili wazo hilo.

Nimetaja daftari mara nyingi, na nina sababu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye ardhi ya ugenini msemo huo ni wa kuchukuliwa neno kwa neno. Ila madaftari nayo yana tabia tofauti. Mwaka 1858 huko Australia Kusini, Robert Torrens alianzisha mfumo ambao daftari la serikali ndilo linalotamka nani mwenye ardhi; usichokikuta humo, kwa kawaida hakikuhusu. Nchi nyingi zimeuiga. Kwingine, kama katika sehemu kubwa ya Marekani, ofisi hutunza nakala za mikataba tu, na ni kazi ya mnunuzi kufuata mlolongo wa wauzaji kurudi nyuma. Ndiyo maana huko ilizaliwa bima ya hati, yaani bima inayomfidia mnunuzi hati ikija kukutwa na kasoro, tangu 1876 mjini Philadelphia. Ufaransa mauzo hupita kwa notari, afisa wa umma anayehakiki na kusajili. Wakili wako akueleze nchi yako ni ya mfumo upi, kwa sababu ndio unaoamua uchunguze nini.

Upekuzi wenyewe ufanywe katika ofisi ya ardhi kwa namba ya kiwanja. Nakala anayokuonyesha muuzaji isikutoshe. Unatafuta jina la mwenye mali kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, rehani, zuio la mahakama, haki ya njia ya jirani, na masharti ya matumizi: je, ni ardhi ya makazi au ya kilimo? Hili la mwisho limewaliza wengi, kwa kuwa nchi nyingi zinazomruhusu mgeni kununua kiwanja cha mjini zinamkataza shamba, na kibali cha kugeuza matumizi kinaweza kuchukua muda mrefu au kisitoke kabisa. Upekuzi urudiwe tena siku moja au mbili kabla ya kulipa. Rehani inaweza kuandikwa katikati.

Karatasi zikiwa safi, nenda kwenye ardhi yenyewe ukiwa na mpima mwenye leseni. Nikupe nilichokiona kwa macho yangu. Mteja wangu alikuwa amepata kiwanja cha mstatili, ramani ya upimaji ikionyesha mawe manne ya mipaka. Muuzaji alitutembeza, akatuonyesha kona kwa kidole: hapa, hapa, pale kwenye mti, na pale ukutani. Mpima hakubishana naye. Aliweka kifaa chake, akasoma namba, akapiga magoti kwenye nyasi akaanza kufukua kwa mwiko wa fundi. Jiwe la kwanza likaonekana, simiti yenye kichuma katikati na namba imechongwa. La pili, la tatu. La nne hakulipata pale ukutani. Alizunguka na kifaa, akaomba ruhusa kwa jirani, akaingia uani kwake, na akalifukua chini ya banda la kuku, hatua kumi na moja ndani ya uzio. Ukuta wa jirani ulikuwa umesimama pale miaka mingi. Katika nchi ile, mtu aliyekalia ardhi kwa muda mrefu bila kupingwa anaweza kupata haki nayo. Mteja wangu alikuwa anakaribia kulipia kiwanja kizima na kurithi kesi. Hakukinunua, na ada ya mpima ilikuwa sehemu ndogo sana ya alichookoa.

Mkiwa hapo hapo na mpima, mwulize barabara ya kuingilia ni ya umma au unapita kwa hisani ya mtu. Hisani huisha jirani akibadilika. Waulize majirani maji ya mvua hupita wapi, na usiwaulize mbele ya dalali. Angalia kama kuta za nyumba za karibu zina nyufa za mshazari, kwa sababu udongo mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka huzipasua nyumba polepole, na dawa yake ni msingi wa gharama kubwa zaidi. Kupima udongo kabla ya kuchora ramani ni fedha iliyotumika vizuri.

Jambo jingine ambalo daftari la ofisi ya karibu huenda lisikuonyeshe ni historia ya ardhi. Mume na mke Waingereza walijenga nyumba ya mapumziko kaskazini mwa Cyprus, juu ya ardhi ambayo mwenyewe alikimbizwa wakati kisiwa kilipogawanyika mwaka 1974. Walinunua wazi, wakajenga wazi. Mwenye ardhi aliwashtaki katika mahakama ya Jamhuri ya Cyprus, ikaamua wabomoe na walipe fidia. Mwaka 2009 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema hukumu hiyo lazima itambuliwe, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikafuata, maana yake hata mali yao ya nyumbani Uingereza ingeweza kufikiwa. Popote palipokuwa na vita, uhamisho wa watu au utaifishaji, uliza nani alikuwa hapo kabla. Uliza kwa ajili ya fedha yako, na uliza pia kwa sababu huenda kuna mtu aliyelia kwa ajili ya udongo huo.

Kuhusu malipo nitasema machache. Kama muuzaji anahitaji uthibitisho wa nia, amana ndogo inatosha, kwa mkataba unaosema inarudishwa iwapo hati itakutwa na kasoro au sheria itakukatalia kumiliki. Fedha ikae kwenye akaunti ya amana ya wakili au notari, na itoke pale uhamisho unapokubaliwa kusajiliwa. Ipitie benki, isiwe taslimu, na bei iandikwe ile ile unayolipa. Utashawishiwa kuandika bei ndogo ili kodi ipungue. Kataa. Siku utakapouza, tofauti hiyo itahesabiwa kuwa faida yako na utatozwa kodi juu yake, na huenda ukashindwa kuitoa fedha yako nje ya nchi kwa kukosa ushahidi kwamba uliiingiza. Nchi nyingine humkata muuzaji mgeni kodi palepale. Marekani, kwa mfano, kwa kawaida mnunuzi huzuia asilimia 15 ya bei na kuipeleka serikalini. Hayo uyajue wakati wa kununua.

Tuje kwenye kujenga. Kibali cha ujenzi kipate kabla ya kulipa kiwanja ikiwezekana, au ununuzi ufungwe na sharti kwamba kibali kitoke. Na kibali chenyewe kichunguzwe. Januari 2008, huko Vera kusini mwa Uhispania, wazee wawili Waingereza walishuhudia nyumba yao ikibomolewa kwa mashine. Walikuwa na kibali mkononi, walichopewa na halmashauri ya mji. Serikali ya jimbo ilisema halmashauri haikuwa na mamlaka ya kukitoa kwenye ardhi ya namna ile, na kibali kilikuwa kimefutwa. Mamia ya wengine katika eneo hilo wamekaa miaka wakiwa na hofu hiyo hiyo. Swali la kumpa wakili ni: nani aliye juu ya ofisi inayotoa kibali hiki, na anaweza kukifuta kwa muda gani? Ufaransa, kibali hubandikwa kwenye ubao uwanjani, na kwa kawaida watu wengine wana miezi miwili ya kukipinga tangu siku ubao uliposimamishwa. Mjenzi mwenye busara husubiri miezi hiyo ipite ndipo achimbe.

Umesema utasimamia kwa simu. Nakuelewa, maisha ndivyo yalivyo, lakini simu haipimi kina cha shimo. Ajiri msimamizi, mhandisi au msanifu majengo, ambaye hana undugu wala ubia na mkandarasi, na umlipe wewe moja kwa moja. Kazi yake kubwa iwe katika siku chache ambazo kitu kinaenda kufunikwa milele.

Siku ya kumwaga msingi ni mojawapo. Kabla zege haijaanza kuchanganywa, msimamizi ashuke kwenye mtaro akiwa na futi kamba, aipige picha ikiwa imesimama kutoka chini hadi juu, ili usome kina wewe mwenyewe. Apige picha ya nondo: unene wake, umbali kati ya ringi na ringi, na vile vipande vidogo vya zege vinavyoinua nondo zisilale kwenye udongo. Nondo ikigusa udongo, maji huifikia, inashika kutu, inavimba, na zege inapasuka kutoka ndani. Hilo hutalijua kwa miaka, na siku utakapolijua halitengenezeki kirahisi. Baada ya kumwaga, zege inywe maji na kutunzwa ikiwa na unyevu kwa walau siku saba. Nguvu yake huhesabiwa kufikia kiwango cha siku ya 28. Mafundi wenye haraka huanza kupandisha ukuta kesho yake na wanaacha zege ikauke juani. Mimi huomba picha ya zege iliyolowa kila asubuhi kwa wiki nzima, na msimamizi mzuri haoni usumbufu.

Malipo kwa mkandarasi yafuate kazi iliyokamilika na kukaguliwa. Mkadiriaji majenzi akutengenezee mchanganuo wa vifaa na kazi kabla ya kusaini chochote, ili mkandarasi akisema "simenti imeisha" uwe na namba ya kumwuliza. Bakiza asilimia fulani, tano au kumi, hadi miezi kadhaa baada ya kukabidhiwa, mvua ya kwanza iwe imeshanyesha juu ya bati. Uliza pia sheria ya huko inambana mjenzi kwa muda gani. Ufaransa anawajibika miaka kumi kwa kasoro kubwa, na lazima awe na bima yake tangu mwanzo wa kazi.

Ile habari ya kujenga kidogokidogo inanipa wasiwasi, nikuambie ukweli. Umesema fedha uliyonayo inafika kwenye msingi. Msingi ulioachwa wazi, nondo za nguzo zikiwa zimesimama kwenye mvua, huanza kuharibika. Kibali cha ujenzi kina tarehe ya mwisho. Na katika nchi ambako haki yako ya ardhi inategemea kuendeleza kiwanja, kuchelewa kunaweza kukugharimu kiwanja chenyewe. Ushauri wangu ni uchore nyumba itakayojengwa kwa vipande vinavyojitegemea: vyumba viwili, bafu na jiko, vilivyoezekwa na kufungwa milango, ambavyo unaweza kuishi ndani yake hata kama fedha ya kipande cha pili haikuja. Msanifu mzuri atauacha ukuta wa upande mmoja tayari kupokea kilichobaki. Na kama fedha haitoshi hata kipande hicho cha kwanza, nunua ardhi, sajili, weka mipaka, usubiri. Hapo uwe umehakikisha masharti ya umiliki yanaruhusu kusubiri.

Usisahau kifo, ingawa si rahisi kukizungumza kwenye habari ya nyumba mpya. Mali isiyohamishika mara nyingi hurithiwa kwa sheria ya nchi ilipo, na nchi kama Ufaransa huwatengea watoto fungu ambalo wosia hauwezi kuwanyang'anya. Katika sehemu kubwa ya Umoja wa Ulaya, kwa mtu anayefariki kuanzia Agosti 17, 2015, kanuni mpya inamruhusu kuchagua katika wosia sheria ya nchi ya uraia wake. Kwingine, mrithi ambaye naye si raia hupewa muda tu wa kuiuza mali. Andika wosia wa nchi hiyo kwa ajili ya mali hiyo, na wakili ahakikishe haufuti ule wa kwenu.

Kama utahitaji mtu wa kutia saini kwa niaba yako ukiwa mbali, hati ya uwakilishi itaje kiwanja kimoja, kitendo kimoja na tarehe ya kuisha. Isimpe uwezo wa kuuza wala kuweka rehani. Ili itambuliwe kule, huenda ikahitaji muhuri wa apostili, yaani uthibitisho wa serikali kwamba saini na muhuri wa hati ni halisi, ule wa Mkataba wa The Hague wa 1961, ikiwa nchi zote mbili zimo. Kama hazimo, hupitia wizara na ubalozi, na hilo lina muda wake.

Wiki hii basi, mwandikie muuzaji kwamba una nia, na kwamba utalipa baada ya upekuzi, upimaji na maoni ya wakili. Taja wiki unazohitaji; mimi ningeomba nane. Akikubali, mwombe namba ya kiwanja siku hiyo hiyo na uipeleke kwa wakili. Akikataa, mwache ampe huyo mwingine. Kisha mpigie rafiki yako, usimwandikie, mpigie. Mweleze habari ya yule mume wa Antipolo, na umwulize kama atakuwa tayari kusimama pale uwanjani siku mpima atakapokuja kufukua mawe. Mtu anayeijua lugha ya pale na majirani wa pale, msaada wake siku hiyo ni mkubwa kuliko jina lake kwenye hati. Majibu ya wakili yakifika, niandikie tena ukitaja nchi, tuyasome pamoja.